Ufa Wenye Adabu

Usiku ule vikombe vilipogongana kabatini
hakufa mtu Tanga.
Barabara ya Kumi na Nne walitoka na kanga, na taulo,
wakatazamana, wakacheka, wakarudi kulala.
Mimi nilibaki na tochi
chini ya ufa mmoja juu ya mlango,
mwembamba kama unywele,
umeanzia konani, umeishia pasipo sababu.

Asubuhi akaja Bi Mwanatumu na ramani iliyokunjwa:
wodi ya wazazi, ghorofa tatu,
kiwanja cha urithi, Chumbageni.
Swali lake lilikuwa la watu wote:
"Mhandisi, itasimama?"

Nikamwambia, kusimama si kitu.
Hata maiti ya nyumba husimama.
Niulize, ardhi ikishatulia,
ngazi zitapitisha machela?
Mlango wa chumba cha upasuaji utafunguka,
au fremu itakuwa imeuuma?
Tangi la maji litabaki paani?
Na aliyeshikwa na uchungu saa ile ile,
atajifungulia kitandani
au uani, juu ya mkeka, kwa taa ya simu?

Akafungua pochi. Akaifunga.
"Kila jibu lina bei yake?"
Kila jibu.

Tulilelewa tuzibe ufa, tusije tukajenga ukuta.
Nami nakaa na rula nikichagua pa kuuweka:
hapa, ncha ya boriti,
chuma kipinde, kiunywe mtikisiko;
si kwenye nguzo, nguzo ni roho.
Utamwambiaje mtu aliyeuza shamba la Pongwe
kwamba amenilipa nimchoree
atakapopasukia?

Tena kuna nisiyoyajua.
Kompyuta inauliza: ardhi yenu hutikisika vipi?
Nina mashimo mawili tu.
La kwanza limegota kwenye matumbawe, mita nne.
La pili, hatua thelathini kando,
ni mchanga, mchanga, mita kumi na moja, na bado.
Mitetemo ninayoilisha ni ya nchi nyingine, milima mingine;
namshonea mtu kanzu kwa kipimo cha jirani.
Na programu ni ya majaribio, siku thelathini.
Zimebaki sita.

Halmashauri, Bwana Semkiwa
alipekua kurasa mia na arobaini
akitafuta jedwali. Halikuwepo.
"Dada, fomu yangu ina visanduku viwili:
imara, si imara.
Cha 'itapasuka kwa adabu' sinacho.
Na siku ikilala chini, atakayeitwa
ni mimi na muhuri wangu."

Sikumchukia. Alinipa chai.
Nani alimfundisha? Mimi mwenyewe
niliyapata kwa mihula miwili, ughaibuni, kwenye baridi,
na mwalimu aliyedhani Tanga ni jina la tanga.

Faili lina mwezi wa tatu sasa.

Jana nilipita kwa Sechonge, fundi wa nondo.
Nilimwonyesha: ncha za pete zisiishie pembeni,
zipinde ziingie ndani, kwenye moyo wa nguzo,
zege likimomonyoka zisifunguke.
Akapinda moja. Akafuta jasho.
"Kwa siku nilikuwa napiga mia tatu.
Hivi, mia na sabini. Nani atalipa hizo mia na thelathini?"
Sikuwa na jibu, nikaangalia viatu vyangu.
Akacheka, akanitupia ile pete:
"Haya, mchumbie huyo tetemeko wako."

Iko mezani, imeanza kushika kutu.
Bi Mwanatumu alipoiona aliigeuza, akaivuta ncha kwa nguvu zote,
haikufunguka.
Kisha akaomba ramani, na kalamu nyekundu.
"Nionyeshe huo ufa wako utapita wapi."
Nikamwonyesha.
Akachora msalaba mdogo, akaandika kando yake
kwa mwandiko wa mtu aliyeachia darasa la saba:
*Hapa tusiweke kitanda.*